Chura Anayetazama Juu

Wiki mbili nilimfahamu mwajiri wangu kwa kisogo tu. Kilikuwa kisogo chekundu, nywele nyeupe zimekizunguka kama pindo la kitambaa cha meza, na ndicho nilichokiamkia kila asubuhi saa mbili nilipoingia nyumbani kwake, ghorofa ya tisa, Alexandria ya Marekani, jimbo la Virginia, upande wa magharibi, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni. Kisogo kilinijibu vizuri. Sauti ilitokea chini, karibu na zulia.

Mambo yalikuwa hivi. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa zamani. La kulia ndilo alilolitegemea, nalo mwezi wa pili, baridi ikiwa kali, pazia la ndani yake likabanduka. Madaktari wakampasua, wakamjazia kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kilisukume lile pazia lirudi mahali pake. Sasa kiputo, kama ilivyo tabia ya viputo, hupanda juu. Kwa hiyo mgonjwa aliamriwa ainamishe uso sakafuni, akiwa macho na akiwa usingizini, siku kumi na nne, ili nyuma ya jicho ndiko kuwe juu. Walimkodishia kiti maalumu cha kuegemea kwa kifua, chenye pete ya sponji ya kuingizia uso. Jicho lenyewe walilifunga kwa shashi. Na hata baada ya mateso yote hayo, daktari hakuahidi kwamba litaona.

Kampuni ya walezi wa majumbani ndiyo iliyonipeleka. Nilikuwa nimezoea wazee wa kila namna: wanaouma, wanaotoroka, wanaoniita kwa jina la dada yao aliyefariki. Anayezungumza na zulia nilikuwa sijampata.

“Wewe ni nani?” alilihoji zulia siku ya kwanza.

Nikamwambia mimi ni mlezi wake, natoka Tanzania, na kabla ya kuja kuosha wazee wa watu nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza Singida, miaka kumi na moja. Sababu zilizonitoa darasani Singida zikanifikisha Virginia ni hadithi nyingine, na haichekeshi. Akataka kujua kwetu mtu wa kazi hiyo anaitwaje. Nikamwambia. Tangu hapo akaniita Mwalimu, akilitamka vibaya lakini kwa heshima, na mimi nikamwita Mzee, baada ya kumweleza kwamba si tusi, kwetu uzee ni cheo.

“Basi nimepandishwa cheo muda mrefu,” akasema, “na hakuna aliyeniarifu.”

Tukapatana. Kumnywesha chai ilinibidi nilale chali chini ya uso wake kama fundi aliyeingia chini ya gari, nikimwelekezea mrija mdomoni. Mazungumzo nayo tuliyafanya hivyohivyo, mimi nikiwa nimeketi juu ya zulia. Nimeongea na wakaguzi wa elimu, maofisa wa uhamiaji na mama mkwe wangu, lakini sikupata kuongea na mtu kwa unyenyekevu wa namna ile.

Kazi yake ya maisha ilikuwa maandishi ya Wamaya, watu wa Guatemala na Meksiko, ambao karne nyingi kabla Mzungu hajafika kwao walikwisha kuandika habari zao kwenye mawe. Waliandika kwa alama zinazofanana na picha: vichwa vya wanyama, mikono, macho, nyuso za watu waliokasirika. Mzee alikuwa ameshughulika na vitenzi peke yake. Kwa miaka zaidi ya thelathini kila kitenzi alichokikuta aliketi akakichora upya kwa wino kwenye kadi ndogo ya mraba, nyuma akaandika namba ya jiwe kilikotoka. Kadi zilijaa masanduku tisa ya mbao, yamepangwa chini ya dirisha.

Na masanduku yalikuwa yanaondoka. Jumamosi, siku moja baada ya yeye kuinuliwa uso, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mhadhiri, angekuja kuyachukua yawekwe chuoni. Wote walikwisha kukata tamaa na lile jicho, naye pia, ila hakulisema wazi.

“Nataka kitu kimoja tu, Mwalimu,” aliniambia siku ya pili. “Zitoke hapa zikiwa safi. Kosa likishatoka mlangoni litaitwa langu hata nikiwa kaburini, na mimi sitaweza kuliona ili nilisahihishe.”

Nikamhakikishia kwamba kwa upande wa usafi amepata mtu.

Hapo sasa lazima nieleze habari ya mbuzi. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha alikuja mkaguzi kutoka wilayani, mtu mwembamba mwenye saa kubwa. Nilikuwa nimetengeneza kadi za kusomea: mbuzi, kuku, jembe, chungu. Nikainua kadi ya mbuzi mbele ya watoto sitini, na mbuzi alikuwa miguu juu. Watoto wakacheka hadi wa darasa la pili wakaja kuchungulia dirishani. Mkaguzi hakucheka. Aliandika kwenye kitabu cha shule kwamba mwalimu hana mpangilio, na maneno yale yakakaa pale yakisomwa na kila mkuu wa shule aliyefuata. Tangu siku hiyo nikaanza utaratibu ambao walimu wengi wa kwetu wanaujua: kila kadi nikaikata pembe ya juu ya kulia. Ukizipanga pamoja na moja ikawa imepinduka, pembe yake inajitokeza peke yake, unaigundua hata gizani. Sikupinduliwa na mbuzi tena.

Siku ya tatu, Mzee amelala mchana kwenye kiti chake, mikono yangu ikaanza kuwasha. Vyombo nilikwisha kuviosha, supu ilikuwa tayari, madirisha nilikuwa nimeyafuta mpaka njiwa mmoja akajigonga. Nikafungua sanduku la tano nipanguse vumbi. Ndani mlikuwa na vyura, vichwa vya vyura vitupu, kadi mia mbili na zaidi, wazuri mno, wenye midomo mipana na macho ya kusinzia. Katikati kulikuwa na kipande cha boksi kilichowagawa. Upande mmoja vyura walitazama mbele kama vyura wenye akili. Upande wa pili walikuwa wote wamelala chali, wanatazama dari.

Nikaangua kicheko cha huruma. Maskini, nikasema moyoni, upofu ulianza kumnyemelea zamani. Amepindua nusu ya sanduku na hakuna aliyemwambia. Na Jumamosi anakuja mkaguzi!

Nikawageuza wote, mmoja mmoja, wakatazama mbele. Kipande cha boksi hakikuwa na kazi tena, nikakitupa pamoja na majani ya chai. Kisha nikatoa mkasi mkobani nikakata pembe ya juu ya kulia ya kila kadi, safi, kwa kipimo kimoja. Na kwa kuwa muda ulibaki, nikawachanganya nikawapanga upya kuanzia aliyenona hadi aliyekonda. Nilipofunga sanduku nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu nifike nchi ile.

Siku ya nne, baada ya chai, kisogo kikasema: “Mwalimu, leo tuwapitie vyura wangu. Fungua sanduku la tano.”

Nikalifungua kwa madaha.

“Hao ndio ninaowapenda kuliko wote. Wale wanaotazama mbele si vitenzi, niliwaweka humo kwa kulinganisha tu. Chura anayetazama mbele ni mwezi, mwezi wa kwao wa siku ishirini. Lakini ukimgeuza akatazama juu, amekuwa kitenzi: kuzaliwa. Ndicho kitenzi kilichojaa katika mawe yale. Fulani alizaliwa, siku fulani. Watu walikaa karne nzima wakimtazama chura huyu bila kujua anasema nini. Nihesabie, wanaotazama juu ni wangapi?”

Nilimtazama chura wa mbele, yule aliyenona. Naye alitazama mbele. Nikapekua. Mia mbili na zaidi, na wote walitazama mbele, kama gwaride.

“Wapo, Mzee,” nikasema.

“Wangapi?”

“Wengi.”

“Mwalimu,” kisogo kikasema taratibu, “wengi si namba.”

Nikasema supu inaungua, nikakimbilia jikoni, ambako hapakuwa na moto wowote.

Jioni nilimsimulia mwenzangu wa nyumba, Mkenya kutoka Nyeri, muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, mwanamke asiyeweza kusikiliza jambo akiwa amekaa. Alisimama na mwiko wa ugali mkononi mpaka nilipomaliza.

“Wee! Yaani ulichukua makasi ukakata research ya mtu?”

“Nilidhani zimepinduka, dada.”

“Si ungeuliza tu? Aki nyinyi Watanzania na huo utaratibu wenu! Mtu anapewa job ya kushikilia straw, yeye anaanza kuorganise vitu za wenyewe.”

“Huyo chura alikuwa amelala chali!”

“Sasa kama amelala chali, wewe ni mamake?” Alirudi kuusonga ugali, kisha akageuka tena. “Kesho uconfess. Mficha uchi hazai. Akikufire akufire, lakini huyo mzee haoni, na kumdanganya mtu haoni ni dhambi yenye iko na section yake huko motoni.”

Nilijua anasema kweli. Sikuungama. Niliona haya, basi, wala sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Mtu aliyekuwa amenipa cheo changu tena, katika nchi ambamo kila mtu aliniita kwa jina la kwanza kama mtoto, nimwambie kwamba Mwalimu wake ni mjinga? Nikajiambia: nitawarudisha kimyakimya. Nitajifunza kuwatambua, niwageuze waliozaliwa, mzee asijue.

Kwa hiyo siku ya tano niliuliza kwa sauti ya kitoto: “Mzee, hebu fikiria mtu asiyejua. Akute chura, lakini hajui kadi imesimama au imelala. Angemtambuaje?”

Kama pete ya sponji isingemshika, nadhani angegeuka. Hakuna mlezi aliyepata kumuuliza swali kama lile. Alieleza saa nzima. Kwanza, alisema, tafuta namba. Mwezi huhesabiwa, kwa hiyo lazima abebe namba, ama ubavuni ama utosini. Namba zao ni nukta na mistari: nukta ni moja, mstari ni tano. Kuzaliwa hakuhesabiwi. Mtu huzaliwa mara moja. Kisha tazama mkia, zile alama ndogo zinazofuata kichwa. Chura wa kuzaliwa humalizika kwa kialama kilichojikunja kama sikio.

Kama mwalimu nilimwelewa haraka, maana hata watoto wa Singida hawakisomi kitenzi kwa kukitumbulia macho peke yake. Wanatazama kilichokitangulia na kinachokifuata. Nikawa najifunza juu ya zulia, kadi zimetandazwa, ninamwuliza hiki na kile kwa ujanja, naye anajibu kwa furaha iliyonichoma. “Una swali jingine?” aliuliza kila nilipomletea chakula. Alilala akiwa amechangamka. Siku ya sita aliniambia kwamba tangu mkewe afariki hakuna mtu aliyekaa naye sakafuni kwa ajili ya kitenzi.

Nikashindwa kuendelea. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye zulia lile. Isitoshe, waliozaliwa niliweza kuwageuza, lakini pembe zilikuwa zimekatwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Chura aliyerudishwa kutazama juu sasa alikuwa na pembe iliyokatwa chini, kwa hiyo kadi yenyewe ilimtangazia kila mtu kwamba iko vibaya. Vyura kama kumi na wanane walikuwa wamechakaa kiasi kwamba sikuona namba wala mkia. Nilikuwa nimeharibu kazi ya mtu, na mtu mwenyewe ananishukuru.

Nikalala chali chini ya uso wake, pasipo mrija, nikamwambia yote. Mkaguzi, mbuzi, mkasi, boksi, majani ya chai. Hata habari ya kuwapanga kwa unene sikuificha.

Nilimwona mdomo wake ukikaza kwenye ile pete, na kilichobaki cha uso wake kikawa kizee ghafla. Chai ilipoa. Nilisikia lifti ikipanda na kushuka mara nyingi. Ningependa kusema nilitubu kwa utulivu, lakini ukweli ni kwamba nililia, na machozi yakaniingia masikioni, kwa kuwa nilikuwa nimelala chali.

“Kwa unene?” akauliza mwishowe.

“Ndiyo, Mzee.”

“Na wa kwanza ni nani?”

“Nyuma ya kadi yake pana namba kumi na mbili, na herufi mbili.”

“Namjua huyo. Kweli amenona.” Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia naye. Kumbe anacheka, anacheka mpaka kiti cha kukodi kinalia, nami nikaruka juu nikamshika kichwa kwa mikono miwili nikipiga kelele, “Usicheke, Mzee! Kiputo! Kiputo!” jambo ambalo halikusaidia hata kidogo.

Alipotulia alinyoosha mkono. “Nipe kadi moja.” Akaipapasa kingo zake kwa kidole gumba. Alikaa na ile pembe iliyokatwa muda mrefu, akiizungusha, akiizungusha. “Chukua mkasi wako,” akasema. “Kila aliyezaliwa, mrudishe atazame juu, kisha ukate pembe ya juu ya kulia, kama mnavyofanya Singida. Atakuwa na pembe mbili. Mwezi atabaki na moja. Hapo hata mimi nitaweza kuwasoma.”

Tulifanya kazi siku saba, na siku saba zile nililipa deni la watoto wote niliowahi kuwapiga rula. Mzee alikuwa mwalimu mkali. Nikikisia alinyamaza hadi nikaona aibu. Kwa wale kumi na wanane waliochakaa ilinibidi nimweleze kwa maneno kile ninachokiona, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya jikoni. Nukta nikaziita vitumbua. Akataka kujua kitumbua ni nini, nikampikia, akala akiwa ameinama, mafuta yakadondoka kwenye zulia. Mstari nikauita mwiko. Baada ya siku mbili mtaalamu wa miaka thelathini alikuwa akiniuliza kwa lafudhi yake: “Ana miko mingapi? Vitumbua vingapi?” Mwiko mmoja na vitumbua viwili, saba, huyo ni mwezi, pembe moja. Hana mwiko, hana kitumbua, ana sikio nyuma, amezaliwa, kata. Mwenzangu wa nyumba aliniuliza siku moja kwa nini nikisonga ugali nasema “tano” kila ninapouinua mwiko, nikamwambia anyamaze, naongeza elimu.

Ijumaa tulikwenda kwa daktari, wakamwinua uso. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake wote: mashavu yamechorwa alama ya pete, pua imekuwa nyekundu kama ya mlevi. Wakafungua shashi. Alitazama dirishani. Alimtazama daktari. Kisha akageukia nilikosimama, akanyanyua kichwa, akazidi kukinyanyua.

“Mwalimu! Kumbe u mrefu!”

Alikuwa akidhani mimi ni mfupi, kwa kuwa sauti yangu siku zote ilitokea sakafuni. Nikacheka, nikamwuliza ananionaje. Akasema anaona kivuli kirefu chenye kitu chekundu, na hicho kilikuwa kitambaa changu cha kichwa. Daktari akamwonyesha herufi ukutani, kubwa kabisa, ile ambayo hata kipofu huibahatisha. Hakuiona. Wakamsogeza. Hakuiona. Daktari akasema tusubiri miezi, lakini alisema huku akiandika, na mimi nimefanya kazi na wagonjwa, najua maana ya daktari anayeongea huku akiandika. Tukarudi kwa teksi. Nilimwandalia kitanda alale anavyotaka, ubavu autakao, na nilipomfungia mlango nililia kwenye lifti hadi chini.

Jumamosi mhadhiri akaja, mwanamke wa makamo mwenye koti refu na haraka nyingi. Sikutakiwa kuwa kazini siku ile, lakini nilivaa sare nikaenda. Alimkumbatia Mzee, akayafungua masanduku moja baada ya jingine, akifurahi. Akafika la tano. Furaha ikakoma.

“Kuna panya humu?”

“Si panya,” Mzee akasema. Alikuwa ameketi wima kama mtu wa kawaida, mikono magotini. “Ni mwalimu.”

Ikabidi aelezwe. Nilijieleza mwenyewe, nimesimama, mikono nyuma, kama nilivyowasimamisha wengine. Kadiri nilivyoendelea ndivyo midomo yake ilivyozidi kuwa myembamba, na nikamwona kabisa yule mkaguzi mwenye saa kubwa akitafuta kitabu cha kuandikia. Alipekua kadi kadhaa. Alikuta moja ambayo kweli nilikuwa nimeikosea, mwezi niliyemzalisha kwa nguvu, akaiweka mezani mbele yangu bila neno.

“Siwezi kulichukua hili,” akamwambia Mzee, kwa upole lakini akimaanisha. “Nikiweka sanduku hili chuoni, watu watalitegemea. Kila kadi itabidi ikaguliwe upya na mtu anayesoma. Pengine tuliache kabisa.”

Mzee akainua kichwa. “Aliyezipanga anasoma,” akasema.

“Huyu?” Hakuwa na ubaya, nadhani. Aliiona tu sare yangu ya kampuni.

“Ulisema kwenye simu umeniletea picha. Mwonyeshe.”

Mhadhiri akasita. Alikuwa ameileta kwa mazoea, kabla ya kusikia alichosema daktari Ijumaa, picha ya kipande cha jiwe kilichofukuliwa karibuni. Kulikuwa na alama moja humo iliyoliwa na mvua, ambayo yeye na wenzake walikuwa wakibishana juu yake. Aliitandaza mezani akaigusa kwa kucha. Nikainama.

Sitasema uongo, kwanza sikuona chochote isipokuwa jiwe bovu. Mia mbili na zaidi nilikwisha kuwashika mikononi, nikawakata pembe, nikawageuza, nikawarudisha, lakini wote hao walikuwa wa wino mweusi juu ya kadi nyeupe. Huyu alikuwa kama uso unaouona chini ya maji. Nikatafuta jicho. Lilikuwepo. Nikatafuta mdomo, nikaukuta pembe yake moja tu, imeinuka.

“Wenzangu wanasema ni mwezi,” mhadhiri akasema, “kwa sababu ya mstari huu hapa. Tano.”

Niliutazama ule mwiko. Nimeishi kwenye nyumba za jiko moja la wapangaji wanne, na mwiko wa jirani naujua.

“Huu si wake,” nikasema. “Ni wa jirani. Angalia, umeegemea huku. Yeye hana kitu.”

Mhadhiri akainama karibu yangu, koti lake likanigusa.

“Anatazama wapi?” Mzee akauliza. Alikuwa amegeuza uso upande wetu, lakini jicho lake lilikuwa likitazama kando kidogo, penye ukuta.

“Juu, Mzee.”

“Namba?”

“Hana.”

“Sikio lipo?”

Nikatafuta. Jiwe lilikuwa limemeguka hapo, na kwa muda nilitamani sana kusema ndiyo ili tuokoke sote wawili. Nikasogeza picha dirishani. Nusu ya mkunjo ilikuwa imebaki kwenye ukingo, ndogo, lakini ilijikunja kama inavyopaswa kujikunja.

“Nusu yake ipo. Nyingine imevunjika.”

“Unasemaje, basi?”

“Amezaliwa.”

“Nani amezaliwa?” mhadhiri akaniuliza upesi.

“Hilo sijui,” nikamjibu. “Mimi nimefundishwa kitenzi kimoja tu.”

Mzee akapumua kwa nguvu. “Andika,” akamwambia mwanafunzi wake. “Andika nyuma ya picha: amezaliwa. Na uweke jina langu.”

“Lakini hujaiona picha,” akasema yule mwanamke taratibu.

“Nimeiona.”

Mhadhiri akamtazama, akanitazama mimi, kisha akavuta kiti, akafungua kalamu. Alipomaliza kuandika alilibeba sanduku la tano mwenyewe mpaka kwenye lifti, mengine nane akaniachia mimi.